Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubora na usalama wa huduma za wazee Australia

Majibu haya ni kwa Waswahili wenzangu tunaoishi Australia: wewe mwenye mama katika makao ya wazee, wewe ambaye baba yako anahudumiwa nyumbani, na wewe unayevaa sare na kuingia zamu. Nimekaa pande zote mbili. Kazi yangu ni kulea wazee, na baba mkwe wangu aliishi miaka yake ya mwisho katika makao ambayo mimi sikuwa mfanyakazi wake. Niliyoyajua kama mlezi nilishindwa kuyasema kama mkwe. Nilinyamaza kwa heshima, na ukimya ule ulimgharimu yeye. Ndiyo maana naandika.

Nani hasa anayesimamia huduma za wazee?

Ni Tume ya Ubora na Usalama wa Huduma za Wazee, chombo cha serikali ya shirikisho kilichoanza kazi tarehe 1 Januari 2019. Tume ndiyo inayosajili watoa huduma, inayowakagua, inayopokea malalamiko na inayotoa adhabu. Simu yake ni 1800 951 822.

Watu wengi huichanganya na My Aged Care (1800 200 422). My Aged Care ni mlango wa kuingilia: unapiga simu huko mzee anapohitaji kutathminiwa ili apate huduma. Ukiwapigia kulalamika kuhusu kidonda cha mama watakuelekeza kwingine, na siku itakuwa imepita. Wizara ya Afya, kwa upande wake, inashika sera na fedha. Tangu Oktoba 2023 yuko pia Mkaguzi Mkuu wa Huduma za Wazee, ambaye kazi yake ni kuangalia mfumo mzima, Tume yenyewe ikiwemo. Huyo hapokei kesi ya mtu mmoja mmoja.

Kwa nini sheria zimebadilika sana miaka ya karibuni?

Kwa sababu wazee waliumizwa, na hatimaye nchi ikakubali kutazama. Mwaka 2017 kituo cha Oakden huko Adelaide, kilichohudumia wazee wenye dimensia (ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na fahamu) na magonjwa ya akili, kilifungwa baada ya familia kupiga kelele kwa muda mrefu bila kusikilizwa. Septemba 2018 waziri mkuu Scott Morrison akatangaza Tume ya Kifalme, yaani tume ya muda ya kuchunguza huduma za wazee, tofauti na ile Tume ya hapo juu. Oktoba 2019 ripoti yake ya muda ilitoka ikiwa na jina la neno moja tu, lenye maana ya kutelekezwa. Ripoti ya mwisho iliwekwa hadharani Machi 2021 ikiwa na mapendekezo 148.

Mengi unayoyaona leo yametoka huko. Kubwa kuliko yote ni Sheria ya Huduma za Wazee ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 1997. Sheria ya zamani ilijengwa kuzunguka mtoa huduma na fedha anazolipwa. Hii mpya inaanza na mzee na haki zake, kisha ndiyo inawageukia wengine.

Haki za mzee ni zipi?

Ndani ya sheria kuna Tamko la Haki. Mzee ana haki ya kujiamulia mambo yake, kupata huduma salama na ya haki, kuheshimiwa utu na faragha yake, kuwasiliana kwa lugha anayoielewa, kubaki karibu na watu wake na utamaduni wake, na kulalamika bila kuadhibiwa. Kujiamulia huko kunahusu hata mambo yenye hatari ndani yake. Akitaka kutembea bustanini ilhali miguu imelegea, kazi ya makao ni kutafuta namna ya kumsaidia atembee. Kumkalisha kitini kwa sababu "anaweza kuanguka" hakutoshi.

Lijue na hili: huwezi kwenda mahakamani kwa msingi wa Tamko peke yake. Njia yake ni malalamiko, kwa mtoa huduma au kwa Tume. Ni haki yenye nguvu pale tu mtu anapoitamka.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Si mimi ninayemwamulia mama?

Hapana, na jibu hili huwaudhi wengi. Sheria inaanza kwa kuamini kwamba kila mzee ana uwezo wa kuamua. Anaweza kumsajili mtu wa kumsaidia kuamua: kumwelezea, kupokea taarifa kwa niaba yake, kumsaidia kusema anachotaka. Msaidizi huyo hafanyi uamuzi badala yake. Kumwamulia mtu aliyepoteza uwezo ni mamlaka nyingine kabisa, inayotolewa kwa hati za kisheria chini ya sheria za jimbo, na cheo cha kifungua mimba hakihesabiki humo.

Nimeshuhudia watoto watatu wakivutana mbele ya kitanda, kila mmoja akimwambia muuguzi "usimsikilize huyo". Mzee alikuwa macho, anasikia yote, hakuna aliyemuuliza. Kaeni kikao mapema, akiwa bado na akili timamu, mumuulize anataka nani amsemee, kisha mwandikishane.

Viwango vya Ubora ni nini?

Ni vipimo ambavyo Tume inatumia inapokagua. Viko saba: mtu mwenyewe, uongozi wa shirika, huduma, mazingira, matibabu, chakula na lishe, na maisha ya jumuiya ndani ya makao. Vilivyotangulia vilikuwa vinane, vilivyoanza 2019. Kila kimoja kinaanza kwa sauti ya mzee mwenyewe, akieleza anachotarajia.

Kwa familia, naona kiwango cha tano ndicho cha kusomwa kwa makini kuliko vyote, kwa kuwa ndimo yalimo mambo yanayoua: maambukizi, dawa, kuanguka, vidonda vya kulalia, shida ya kumeza, maumivu, na huduma ya siku za mwisho. Makao hayaruhusiwi kusubiri mambo hayo yatokee. Yanatakiwa kujua mapema nani yuko katika hatari ipi na kuwa na mpango ulioandikwa. Kidonda cha kulalia, kwa mfano, hakizuki kwa usiku mmoja. Kwanza ngozi hubadilika rangi kwenye kisigino au juu ya makalio, na kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu ule unaoelezwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Mlezi anatakiwa aguse: kama pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au mzee anashtuka ukipabonyeza, hapo pameshaanza. Mwambieni muuguzi hivyo kwa maneno hayo hayo. Wengi hawakufundishwa.

Uliza pia mpango wa huduma wa mzee wako. Ni haki yake kuuona na kushirikishwa kuuandika. Ukiambiwa "upo kwenye kompyuta", omba wauchapishe.

Baba anahudumiwa nyumbani. Viwango hivi vinamhusu?

Inategemea anachopewa. Watoa huduma wanasajiliwa kwa makundi sita. Anayekata nyasi au kufanya usafi yuko kundi ambalo halikaguliwi kwa Viwango vya Ubora, ingawa Kanuni za Maadili na masharti mengine yanambana. Anayemwogesha, kumvisha na kumsaidia kula anabanwa na kiwango cha kwanza hadi cha nne. Huduma ya uuguzi inaongezewa kiwango cha tano. Makao ya wazee yanabanwa na vyote saba.

Mpango wa huduma za nyumbani wenyewe nao ulibadilika tarehe 1 Novemba 2025, vifurushi vya zamani vikafungwa na mpango uitwao Support at Home ukaanza.

Makao yanatakiwa kuwa na wahudumu wangapi?

Sheria haihesabu vichwa, inahesabu dakika. Tangu 1 Oktoba 2024 wastani wa nchi nzima ni dakika 215 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, na 44 kati ya hizo ziwe za muuguzi aliyesajiliwa. Kila makao yana lengo lake kulingana na hali ya wakazi: penye wagonjwa zaidi, dakika ni zaidi. Kupika na kufagia hakuhesabiki humo.

Tangu 1 Julai 2023 lazima pia awepo muuguzi aliyesajiliwa ndani ya makao saa 24, siku zote za wiki. Makao machache madogo ya mbali yanaweza kupewa msamaha, na hapo yanatakiwa yawe na mpango mbadala. Swali la kuuliza siku ya kwanza ni hili: "Usiku saa nane, muuguzi yuko jengoni humu humu, au anapigiwa simu?"

Nyota za makao zina maana gani? Naweza kuziamini?

Zilianza Desemba 2022, kuanzia nyota moja hadi tano, na zinapatikana kwenye tovuti ya My Aged Care. Alama ya jumla imetokana na mambo manne: maoni ya wakazi (asilimia 33), utiifu kwa sheria (30), wahudumu (22) na vipimo vya ubora kama vile kuanguka, vidonda na kupungua uzito (15).

Zinasaidia, lakini usiishie kwenye alama ya jumla. Ifungue uone kila sehemu peke yake. Makao yanaweza kuwa na nyota nne huku sehemu ya wahudumu ina mbili. Maoni ya wakazi hukusanywa kwa kuhoji angalau mkazi mmoja kati ya kumi, mara moja kwa mwaka. Mzee asiyejua Kiingereza anaweza asiwe mmoja wao. Mimi ningeangalia nyota nyumbani, kisha niende kwenye makao wakati wa chakula cha jioni, nisikilize kengele za vyumbani zinalia kwa muda gani kabla mtu hajainuka.

Mama alikuwa mchangamfu. Sasa analala mchana kutwa. Nifanye nini?

Uliza dawa. Leo hii, usisubiri Jumapili.

Tume ya Kifalme ilikuta wazee wengi wenye dimensia wakipewa dawa za magonjwa ya akili ili watulie. Mzee anapiga kelele, anatembeatembea, anakataa kuogeshwa. Anapewa kidonge, anatulia, zamu inakwenda vizuri. Kidonge hicho huongeza hatari ya kuanguka, ya kiharusi, ya nimonia. Kukipa kwa lengo la kubadili tabia ya mtu, na si kutibu ugonjwa uliogunduliwa na daktari, ni kumzuia mtu kwa dawa. Ni aina moja kati ya tano za vizuizi ambavyo sheria inavidhibiti. Nyingine ni kumshika kwa mikono, kumfunga kwa vifaa, kumwekea mipaka ya mahali, na kumtenga peke yake.

Kizuizi chochote kinaruhusiwa tu baada ya njia nyingine kujaribiwa na kushindwa. Kiwe chepesi iwezekanavyo, kwa muda mfupi iwezekanavyo, kwa ridhaa ya mzee au ya mwenye mamlaka ya kisheria ya kumwamulia, na kiandikwe kwenye mpango wa kumsaidia kitabia. Dharura ina nafasi yake, ila dharura hupita. Isiwe dharura ya miezi sita.

Kwa hiyo muulize muuguzi: Ameanzishiwa dawa gani mpya? Tarehe ngapi? Kwa ugonjwa gani? Nani aliridhia? Mlijaribu nini kabla? Daktari ataipitia tena lini? Andika majibu na jina la aliyekujibu. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe, maana nyingine zikikatwa ghafla zinadhuru. Omba daktari aipunguze kwa utaratibu.

Mara nyingi tabia ni lugha. Mzee anayekataa kuogeshwa anaweza kuwa na bega linalouma, au ni mama wa Kiislamu aliyevuliwa nguo na kijana wa kiume asiyemjua. Hakuna kidonge cha kutibu aibu hiyo. Mpango wa huduma ukiandikwa kwamba anaoshwa na mwanamke tu, kelele zinaweza kuisha.

Na vyuma vya pembeni mwa kitanda, au mlango wenye namba za siri?

Navyo vinaweza kuwa vizuizi. Familia nyingi huviomba zenyewe kwa nia njema. Mzee aliyechanganyikiwa hujaribu kuvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi, au akabanwa katikati. Uliza kuhusu kitanda kinachoshushwa chini kabisa na godoro la sakafuni.

Tukio gani ni lazima liripotiwe?

Upo Mpango wa Kuitikia Matukio Mazito, ambao kazini tunauita SIRS. Ulianza kwenye makao tarehe 1 Aprili 2021, na huduma za nyumbani zikaingizwa 1 Desemba 2022. Mtoa huduma lazima aripoti kwa Tume aina nane za matukio: kutumia nguvu isivyostahili, tendo la ngono lisilo halali au mwenendo mchafu wa kingono, kumnyanyasa kwa maneno au kihisia, kifo kisichotarajiwa, wizi au kumlazimisha mambo ya fedha kunakofanywa na mfanyakazi, kumtelekeza, kutumia vizuizi kinyume cha sheria, na mzee kutoweka bila maelezo.

Yaliyo mazito zaidi yanaripotiwa ndani ya saa 24 tangu mtoa huduma alipojua. Humo yamo yaliyoleta au yangeweza kuleta madhara ya kuhitaji matibabu, yanayostahili polisi, matendo ya ngono, vifo visivyotarajiwa, na kutoweka. Mengine yana siku 30. Penye dalili ya jinai, polisi nao wajulishwe.

Si kila kuanguka kunaripotiwa. Mzee anaweza kuteleza ilhali kila kitu kilifanywa sawasawa. Lakini akianguka kwa sababu aliita dakika arobaini akaamua kwenda chooni mwenyewe, hapo swali la kutelekezwa limeingia, nawe una haki ya kuliuliza wazi: "Je, mmeiripoti hii? Lini?" Watoa huduma wanatakiwa kusema ukweli kosa likitokea, kuomba radhi na kueleza watakachobadilisha. Ukisikia maneno ya kuzunguka tu, endelea kuuliza.

Kuhusu chakula: naweza kumletea mama ugali na samaki?

Unaweza, na kiwango cha sita kinataka chakula kiwe cha kupendeza, cha kutosha na kinachofuata uchaguzi na utamaduni wake. Mzee anayekataa chakula cha makao huenda hana tatizo la hamu. Uliza uzito wake kila mwezi. Kupungua bila mpango ni moja ya vipimo ambavyo makao hupeleka serikalini kila miezi mitatu.

Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa. Kama mama anapewa chakula kilichosagwa au maji yaliyoongezwa uzito, ujue mtaalamu wa umezaji ameona kwamba kinaweza kwenda njia ya hewa. Samaki wa nyumbani mwenye miiba midogo anaweza kumuua. Zungumza na muuguzi kwanza, muulize namna ya kuuandaa mchuzi ule ule kwa ulaini unaomfaa. Ladha ya nyumbani inawezekana hata katika chakula laini.

Baba amesahau Kiingereza chote. Wanamtumia mjukuu kutafsiri. Ni sawa?

Kwa kumuuliza kama anataka chai, sawa. Kwa matibabu, ridhaa, maumivu au malalamiko, si sawa hata kidogo. Dimensia mara nyingi huanza kuifuta lugha iliyojifunzwa ukubwani na kuacha ile ya utotoni. Ipo huduma ya taifa ya wakalimani kwa simu, 131 450, na mzee aliye katika huduma zinazolipiwa na serikali hatozwi. Sema tu unataka Kiswahili. Kama anatoka Kongo au Burundi, eleza na lugha yake ya nyumbani, maana Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa lugha yake ya pili.

Mjukuu wa miaka kumi na sita hapaswi kuwa ndiye anayemwambia babu yake kwamba dawa hazifanyi kazi tena. Na yapo ambayo babu hatayasema mbele yake: choo, mkojo, mwili.

Nikilalamika, hawatamlipizia mzee wangu nikiondoka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, tena kwa sauti ya chini.

Woga huo una msingi. Unamwacha mtu asiyeweza kujitetea mikononi mwa wale uliowashtaki. Tena sisi tumelelewa kushukuru. Mgeni hakosoi chakula cha mwenyeji, na wengi wetu bado tunajiona wageni katika nchi hii hata baada ya miaka ishirini. Nilimkuta baba mkwe amelowa, shuka baridi, saa tano asubuhi. Nikambadilisha mwenyewe, nikamsalimia mhudumu kwa tabasamu, nikaenda zangu. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne alikuwa na kidonda. Wale wahudumu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wawili kwa watu wengi mno. Lakini hakuna aliyeongezwa zamu ile, kwa sababu kwenye daftari hakukuwa na tatizo lolote lililoandikwa. Nilikuwa nimelificha kwa mikono yangu.

Sheria inakataza kumlipizia mzee, familia au mfanyakazi aliyelalamika. Kulipiza kwenyewe ni kosa la kupeleka kwa Tume. Unaweza kulalamika kwa njia tatu: wazi, kwa jina lako kujulikana na Tume bila kuambiwa makao, au bila jina kabisa. Ile isiyo na jina ina udhaifu: Tume haiwezi kukuuliza zaidi wala kukupa majibu. Mimi huwashauri watu watumie ile ya katikati wakiwa na hofu.

Na kama huwezi kusema mwenyewe, lipo shirika la utetezi wa wazee, OPAN, simu 1800 700 600. Ni bure na halimtumikii mtoa huduma. Mtetezi anaweza kukaa nawe kwenye kikao na kusema yale ambayo ulimi wako unakataa.

Nianzie wapi hasa?

Anza na makao yenyewe, kwa maandishi. Barua pepe fupi inatosha: nini kilitokea, tarehe na saa, nani alikuwepo, unataka nini kifanyike, na lini unategemea jibu. Piga picha ya kidonda au ya shuka kwa ridhaa ya mzee, bila kuwaonyesha wakazi wengine. Omba kikao na meneja, na baada ya kikao waandikie mlichokubaliana.

Wasipojibu, au jambo likiwa zito, piga simu kwa Tume moja kwa moja. Hulazimiki kumaliza hatua ya kwanza kabla ya ya pili, na hakuna malipo. Hatari ya papo hapo ni 000, kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kama hukuridhika na jinsi Tume ilivyoshughulikia, unaweza kumwendea Mchunguzi wa Malalamiko wa serikali ya shirikisho.

Usilalamike kwa mhudumu wa zamu pekee ukadhani umelalamika. Atakusikiliza, ataguswa, na saa tisa ataenda nyumbani.

Mimi ni mfanyakazi. Nimeona mwenzangu akimvuta mzee kwa nguvu. Naogopa kupoteza kazi, na viza yangu inategemea mwajiri.

Ripoti, siku hiyo hiyo, kwa msimamizi, na ujiwekee mahali salama nakala ya ulichoripoti, bila majina ya wakazi. Kanuni za Maadili, zilizoanza 1 Desemba 2022, zinatutaka kila mmoja wetu tuchukue hatua tunapoona jambo la kuhatarisha. Aliyenyamaza naye anaweza kuulizwa.

Sheria mpya imeongeza ulinzi kwa mfichuaji. Unaweza kutoa taarifa kwa Tume, kwa wizara, kwa mtoa huduma, kwa polisi au kwa mtetezi huru, hata bila kutaja jina lako, na mwajiri akikuadhibu kwa hilo anavunja sheria. Kuhusu viza, tafuta ushauri wa kisheria wa bure au chama cha wafanyakazi mapema, kabla mambo hayajachacha.

Tume inaweza kumpiga mtu marufuku kufanya kazi hii, na majina ya waliopigwa marufuku yako kwenye orodha ya wazi. Marufuku hayo ni kwa wanaodhuru. Mlezi aliyechoka, aliyekosea dozi akaripoti kosa lake mwenyewe, hana sababu ya kuwekwa fungu moja nao.

Wakaguzi wakija, familia inaweza kuzungumza nao?

Ndiyo. Wakaguzi wanaweza kufika bila taarifa, na wakati wa ukaguzi huzungumza na wakazi na jamaa zao. Ukisikia wapo, nenda ujitambulishe, omba mkalimani kama unamhitaji. Ripoti za ukaguzi huchapishwa kwenye tovuti ya Tume. Soma ya makao yako, na ya yale unayofikiria kuhamia.

Mzee ameshafariki. Nimechelewa?

La. Tume hupokea malalamiko hata baada ya kifo. Ila usikae muda mrefu, kwa kuwa jambo likiwa la zamani sana inaweza kuamua kutoliendeleza, na wahudumu huhama, na kumbukumbu hufifia. Andika kila unachokumbuka wiki hii: tarehe, majina, rangi ya kidonda, maneno uliyoambiwa kwenye simu. Uliza kama kifo kiliripotiwa kuwa hakikutarajiwa. Kama kuna shaka, afisa wa jimbo anayechunguza vifo (coroner) naye anaweza kuhusika.

Sisi tulilalamika miezi miwili baada ya mazishi. Tuliombwa radhi kwa barua, na mpangilio wa zamu ya usiku katika bawa lile ukabadilishwa. Kwenye kile chumba sasa yupo mzee mwingine.